Viatu vya Kila Ijumaa

Nilikuwa nafuta viti kabla ya ibada ya asubuhi simu ilipoita. Alikuwa mkuu wa wauguzi, na hakuwa na maneno mengi. "Mdogo wangu, kaa kwanza. Dada yako ameanguka wodini. Hatunaye tena." Nikakaa kwenye kiti kile kile, kitambaa bado mkononi.

Dada aliwauguza wagonjwa wa akili kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka yote hiyo kosa moja tu lilimtafuna. Mwandishi wa gazeti alimwomba aeleze kwamba ugonjwa huu unatibika. Dada akafurahi, akatoa mfano wa mgonjwa wake aliyepata nafuu. Jina hakulitaja, alisema tu ni fundi viatu, ana benchi la kijani. Wiki ile gazeti likatoka na kichwa cha habari: "Kichaa Ndiye Anayeshona Viatu Vyenu." Mji mzima ulilijua lile benchi. Wateja wakamkimbia fundi, naye akaacha kwenda kliniki kuchukua dawa.

"Neno kichaa ni lao," dada aliniambia. "Benchi nililitoa mimi."

Basi kila Ijumaa akawa anampelekea viatu: vyake, vyangu, vya wauguzi wenzake. Habari za dawa hakumgusia. Wiki za mwanzo fundi alishona bila kumwangalia usoni. Siku moja akauliza, "Nesi, hivi viatu vinaachia vyenyewe au unavisaidia na kisu?"

"Vingine navisaidia."

Fundi akacheka. Mwezi uliofuata alirudi kliniki. Jioni hiyo dada alipiga magoti sebuleni akamshukuru Mungu. Tangu hapo, kila mwandishi aliyemjia alimwambia, "Mwanangu, nisomee ulichoandika. Kwa sauti."

Siku ya mazishi fundi alikuja na viatu vyeusi vya dada, vilivyobaki kwake tangu Ijumaa. Alivipiga rangi vikang'aa. Akanikabidhi. Mwandishi yule wa gazeti naye alikuwepo. Yeye hakuwahi kumwona fundi kwa macho. Akaninong'oneza, "Yule mzee anayelia ni nani?"

"Mtu wetu wa nyumbani," nikasema. "Andika hivyo, kisha unisomee."

Akaandika, akanisomea.

Tukaomba. Fundi akachukua koleo, akatia udongo pamoja na wengine mpaka kaburi likajaa. Kisha tukarudi nyumbani, viatu nimevishika mimi.