Basi Jekundu la Bi Miska

Mwanamwema Soud mwenyewe ndiye aliyetuhadithia haya, Jumamosi iliyopita, huku anamenya ndizi mbichi jikoni kwa mama yake, mtaani Thamesmead, ughaibuni.

Saa moja asubuhi, Alhamisi. Ukungu umelala juu ya ziwa la mtaa, na mabata bukini wanakatisha njia taratibu kama wenye nyumba. Mwanamwema, mwenye miaka arobaini na moja, anatoka shifti ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Kitambulisho kingali shingoni. Anatembea polepole, maana kichwani anaandika.

“Nikitembea, maneno yanakuja yenyewe,” anasema. “Nikikaa mezani yananikimbia.”

Anasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, kidogo kidogo, mwaka wa tatu sasa. Kesho chuo kinataka jibu: achukue kozi mbili zilizobaki amalize kiangazi hiki, au aandike tasnifu, ambayo itamla mwaka mwengine mzima.

Moyo wake uko kwenye tasnifu, na aliyeutia huko ni mzee Kanti, mmoja wa wazee anaowalea. Huyu alikuwa na duka la vitambaa Mombasa, kisha huku Harrow. Siku hizi kila alfajiri huamka, akatafuta viatu, akataka kwenda kufungua duka. Wahudumu wakimwambia duka halipo tena, hulia. Siku moja Mwanamwema akamwambia kwa Kiswahili, “Kanti bhai, ndugu yangu, leo sikukuu, mji mzima umefunga.” Mzee akavua kiatu, akamwambia na yeye aende akapumzike, akalala fofofo.

Tangu hapo Mwanamwema anajiuliza: wazee waliohama, usingizi wao uko nchi gani?

Lakini iko ahadi. Alimwambia mama yake, Bi Miska, kwamba akimaliza tu chuo watakwenda pamoja kwao Wete, kisiwani. Bi Miska ana miaka sabini na minane na magoti yasiyomtii. Sanduku lake liko wazi chini ya dirisha, analitia kitu kimoja kimoja: khanga, sabuni za kunukia, miwani ya kumpelekea dada yake mkubwa.

Basi wakafanya kama wanavyofanya kwao jambo likiwa zito. Wakasali istikhara, kumwomba Mungu awaonyeshe lenye kheri, kisha wakalala kungojea ndoto. Mwanamwema hakuota kitu. Alalaye mchana, anasema, huzama tu. Mwenzake wa kazini, Winifrida, alimtania kwamba labda ndoto zinamjia usiku, zinakikuta kitanda kitupu.

Aliyeota ni Bi Miska. Asubuhi hii anamngojea binti yake mezani, chai imepoa. Anasema ameona wekundu, na wekundu, kwa wanawake wa kwao, maana yake ni usifanye.

Mwanamwema anavua koti. Moyoni ameshaanza kuiaga tasnifu. Halafu, kwa tabia aliyoipata chuoni, anauliza.

“Wekundu wa nini, mama?”

“Wa basi. Hili la hapa chini.”

“Mama, mji huu mabasi yote mekundu.”

“Najua, sina upofu. Tuko kituoni na sanduku letu, likatupita, halikusimama.”

“Tukafanyaje?”

Bi Miska anakoroga chai isiyohitaji kukorogwa.

“Tukakaa. Ulikuwa unanisomea makaratasi yako. Sikuyajua, lakini yalikuwa mazuri. Wala sikuona baridi.”

“Halafu?”

“Halafu likaja jengine, mwanangu.” Anasukuma kikombe kando. “Andika. Lakini na mimi unitie humo. Kwani mimi sikuhama?”

Mwanamwema anamwandikia mwalimu wake papo hapo, kabla hajavua viatu. Safari ya Wete ni mwakani, na tasnifu itakwenda nayo, aimalizie barazani kwa mama mkubwa. Baadaye anatamani kila nyumba ya wazee imuulize mgeni wake, siku ya kwanza tu, alizoea kulalaje kwao.

Anaona bora aanzie nyumbani. Anapanda kitandani, na mama yake anakaa kwenye kiti kando, ati alinde simu isilie.

“Mama, wewe ukilala unakuwa wapi?”

“Wete,” anasema Bi Miska, macho ameyafumba. “Naingilia mlango wa uani, maana wa mbele una…”

Hamalizi, ameshalala. Mwanamwema ananyanyuka, anachukua khanga moja sandukuni, anamfunika mama yake magoti. Anavuta pazia. Chini, basi linasimama, linaondoka. Anajilaza, akingojea kuambiwa mlango wa mbele una nini, na usingizi unamchukua.