Nguzo Kumi na Mbili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningependa iwe ya mtu mwingine.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimerudi kutoka Kasongo na diploma yangu, kijijini kwetu upande wa Lusangi. Kanisa letu lilikuwa la mbao, la zamani sana. Aliyeliona likijengwa alibaki mmoja tu, Muzee Kalonda, fundi seremala. Sisi vijana lilitutia haya. Komite ya kanisa ikakata shauri libomolewe, lijengwe la matofali, na mimi nikawa sekretere. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha tukicheka.

Kabla ya kubomoa, Muzee Kalonda alikuja kwangu. Hakuja kugombana.

“Mwalimu, muvunje tu, kanisa ni lenu,” alisema. “Lakini zile nguzo kumi na mbili, kila moja iko na mutu aliyeileta. Mimi sijui kuandika. Kamata kaye na kalamu, tuzunguke, nikutajie majina.”

Nilimwambia kesho, nikijua kabisa sitakwenda. Kesho yake alinifuata uwanja wa mpira. Mbele ya wenzangu nikamjibu, “Muzee, mbao ni mbao.” Wakacheka. Yeye aliniangalia kidogo, akasema, “Mutoto wa kwetu, utaulizwa,” akaenda zake.

Tulibomoa kwa asubuhi moja. Nguzo zikachukuliwa na wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila, zikashikilie udongo mashimoni. Muzee alifariki kabla matofali hayajafika kimo cha madirisha. Sikumwomba msamaha.

Miaka ikapita, nikazeeka kwa heshima nisiyostahili. Mwaka jana, kwenye sikukuu ya parokia, padri aliniomba nieleze historia ya kanisa la kwanza. Sikuwa nayo, mwanangu, basi nikaitunga. Nilisema nguzo zote zililetwa na babu yangu na ndugu zake. Watu wakapiga makofi, nami nikayapokea.

Baadaye Bwana Ramazani, Mwislamu mwenye duka Kasongo, ambaye alikuja na pikipiki kutupongeza, alinivuta pembeni. Hakutaka kuniaibisha mbele ya watu, kama mimi nilivyomfanyia Muzee.

“Mwalimu,” alisema polepole, “babu yangu Sefu alituambia ni yeye alileta nguzo ya mulango. Alisema jirani akijenga, unamusaidia. Wewe haukusikia jina lake?”

Ningeweza kusema sikusikia. Nikamwambia, “Nilikataa kusikia.”

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya waumini, nikakiri kwamba niliwadanganya. Nguzo kumi na mbili, nami nina jina moja. Wajukuu wa wale kumi na mmoja wanakaa mbele yangu kila misa, na sijui ni akina nani.

Basi, mwanangu, nyumba huchakaa, na kubomoa si dhambi. Lakini mzee akikwambia keti nikwambie, keti siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho si mali yake wala yako. Na kama hukuketi, usitunge. Sema sijui. Neno hilo ni chungu mdomoni, ila uongo wa mzee unawaibia watu babu zao.

Mungu akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi. Akuweke kati ya watu wasiokuchoka, na siku utakapoondoka, jina lako litajwe na wanaolijua kweli. Amina.