Karela za Bi Kusum

Nikisikia haradali inapasuka ndani ya mafuta ya moto, hata kama ni nyumba ya tatu kutoka kwangu, mikono yangu inaanza kunuka karela, ile mboga chungu ya Kihindi. Navinusa vidole na najua hakuna kitu, nimevikosha, lakini nanusa tena. Ni uchungu wa kijani, kama wa dawa iliyopondwa, na baada yake chumvi. Nimeshaandika mwanzo huu mara sita na kuuchana mara tano. Huu wa sita nauacha, maana nikiuchana tena sitafika kwenye jambo lenyewe, nalo ni jambo nililolifanya nikiwa na miaka tisa na sijapata kumwambia mtu.

Tulikaa mtaa wa Kiponda, mimi na Mama, katika vyumba viwili vya chini. Baba aliondoka mwaka wa Mapinduzi na jina lake likawa halitajwi nyumbani. Mama alishona kofia. Juu yetu alikaa Bi Kusum, mjane wa Kihindi, aliyezaliwa nyumba ile ile. Wanawe walikwisha kwenda Bara Hindi mmoja mmoja, duka lao la chini likafungwa, naye akabaki na ghorofa ya juu na paa lake la sakafu. Huko alipanda mboga ndani ya madebe ya mafuta ya taa, kwa udongo ulioletwa na gari la ng'ombe kutoka Bububu: karela, madodoki, bamia, kotmiri, na majani ya uwatu ambayo yeye aliyaita methi. Kila alasiri nilipanda ngazi kumsaidia kumwagia maji.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, dikri. Umekuja na mikono au umekuja na mdomo tu?"

Dikri kwa Kigujarati ni binti. Hakuwahi kuniita jina langu.

Alinifundisha karela. Unaparura magamba yake kwa kisu, unakata vipande, unanyunyiza chumvi, unaziacha mpaka zitoe maji, kisha unakamua kwa nguvu zako zote. Halafu haradali, manjano, pilipili, na kidonge cha sukari guru. Mimi nilikata kila kipande sawa na mwenzake. Kilichozidi unene nilikipunguza, na kilichopunguka nilikificha chini ya vingine nisikione.

"Unapima nguo ya harusi?" aliniuliza. "Karela hiyo inakwenda tumboni, haiendi kwa fundi."

Tulikula kwa chapati nyembamba, tumekaa chini. Uchungu ulikuja kwanza, utamu ukafuata, nami nilipenda kwamba kila mara ulifuata vile vile. Siku hizo vitu vichache vilikuwa na utaratibu.

Nikishuka, Bi Kusum alinipa bakuli la shaba lililojaa mboga, nimpelekee Mama. Na hapa lazima nieleze ada yetu: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Lakini Bi Kusum hakula nyama wala samaki, na hakula chochote kilichopikwa jikoni mwetu. "Vyungu vyenu vishaona mengi," alisema, bila ya kutukashifu. Kwa hiyo bakuli lilirudi na vitu vibichi: nazi, ndizi mbili, sukari kidogo ndani ya karatasi.

Kisha vitu vikaadimika. Mchele wa foleni, unga wa foleni, sukari ikawa habari tu. Ikafika wiki ambayo bakuli lilikaa kwetu siku nne. Mama alilikosha, akalifuta, akalifudikiza juu ya kabati. Jioni alilishusha, akalitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeota humo, akalirudisha. Mimi sikulala vizuri. Nilikuwa mtoto wa kuhesabu siku, na kila siku iliyopita niliiona imeandikwa kwenye ile shaba.

Siku ya tano Mama alikwenda foleni tangu alfajiri. Sufuriani mlikuwa na mchicha wa nazi uliobaki jana, umepikwa kwa uduvi, vile vikamba vidogo vilivyokaushwa ambavyo kwetu vilishika nafasi ya samaki. Nikachukua sindano ya Mama ya kofia, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaanza kuuchoma uduvi mmoja mmoja na kuutoa. Nilipomaliza nikaanza upya. Nikapata mmoja. Nikaanza tena, nikapata mguu na jicho. Nilipoona majani matupu nilifurahi sana, furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake bila ya kosa. Nikaujaza mchicha ndani ya bakuli, nikalifunika kwa kawa, nikapanda.

Bi Kusum alifungua mlango, akaniona, akaliona bakuli.

"Nini hiki, dikri?"

"Mchicha, Bi. Mama kaupika kwa chungu kipya. Hamna kitu ndani, majani na nazi tu."

Akafunua kawa. Naikumbuka hina iliyofifia kwenye kucha zake.

"Kapika Mama?"

"Naam."

"Kwa chungu kipya?"

"Naam."

"Na wewe umekula?"

"Nshakula," nikasema, na huo ulikuwa uwongo wa tatu.

Akaniambia nimwambie Mama ahsante. Mlango ukafungwa. Nilibaki kwenye ngazi nikisikiliza kama atakohoa, au atatapika, au atalia. Sikusikia kitu. Na ndani yangu mimi pia hapakuwa na kitu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Hakunifukuza. Kesho yake aliniita kumwagia maji kama desturi, tukakata, tukakamua, tukala. Lakini nilipotaka kushuka hakunipa bakuli. Alinipa mboga juu ya kipande cha jani la mgomba, amekikunja vizuri na kukifunga kwa uzi. Na wiki iliyofuata jani. Na iliyofuata jani. Bakuli la shaba sikuliona tena.

Nilijua maana yake. Bakuli lake limekuwa najisi kwake, na aliyelinajisi ni mimi. Anatulisha bado kwa kuwa ni mwema, lakini hataki tena kitu chake kiguse nyumba yetu. Mama hakuuliza kwa nini jani, nami nilishukuru. Niliendelea kukata karela zangu sawa sawa. Ladha sikuipata tena. Nilikuwa najua tu kwamba kwanza uchungu, kisha utamu, kama mtu anavyojua majina ya siku.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja mwana mkubwa wa Bi Kusum alimwita Bara Hindi. Bi alishuka kuaga na sanduku moja. Mama akamkumbatia. Mimi nilisimama nyuma ya pazia na maneno yangu yote nimeyapanga: Bi, ule mchicha ulikuwa na uduvi, nisamehe. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mwaka mzima, nikirekebisha neno hili na lile.

"Dikri, hunipi mkono?"

Nikampa mkono.

"Ukikata karela usipime sana."

"Naam," nikasema. Akaenda.

Mwaka jana, Mama na mimi tulikuwa tunakata bamia, naye mwenyewe, bila ya kuulizwa, akamtaja Bi Kusum.

"Siku ile ya mchicha alinijia, wewe hupo," akasema. "N'natoka foleni, n'mechoka, hata buibui sijavua. Kanambia, mwanao kaniletea chakula. Nilitaka ardhi inimeze."

Nikaacha kukata. "Kwani alijua?"

"Uduvi, mwanangu? Harufu ya uduvi huijui? Mtu hajapata kula samaki maisha yake, ataacha kuinusa?"

"Akasema nini?"

"Kasema usimpige. Kisha kasema, Bi mkubwa, lile bakuli limenishinda kulisugua, mkono wangu unaniuma, bora niwe natia kwenye jani. Mkono! Na kila siku anabeba madebe ya maji." Mama akacheka kidogo. "Jani nani analirudisha, tupu au limejaa?"

Nilikaa na bamia mkononi. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimelihesabu lile jani kuwa ni adhabu yangu, na wanawake wawili walikuwa wamekwisha kulimaliza jambo langu siku ile ile, kizingitini, kabla Mama hajavua buibui. Nilingoja nilie, kwa sababu nilidhani ndipo pake. Machozi hayakuja.

"Majani yenyewe tulikuwa tukiyafanya nini?" nikauliza, ili nipate kusema kitu.

"Sijui. Si wewe uliyekuwa ukiyatupa?"

Ni kweli. Nilikuwa nikiyakunja mara nne, nikiyapeleka jaani mbio, mtu asiyaone.