Mbu Hawapandi Mlima

Wiki iliyopita dereva wangu mmoja alijipaka dawa ya mbu ndani ya lori, madirisha yote yamefungwa. Harufu ile ikanipanda puani, kali, nikamwambia asimamishe gari nishuke. Akadhani naumwa.

Mimi, ndugu zangu, shule niliiachia darasa la kumi, na leo nina malori manne ya kusukuma theluji. Hapa Scarborough, pembeni mwa Toronto, ukiona asubuhi wateja wamepata pa kuegesha, jua nimeshapita. Theluji naijua inavyokuja na inavyoondoka. Ila aliyenifundisha kuipigia hesabu ni baba, na hesabu yake ilikosea.

Baba alikuwa mpagazi Kilimanjaro miaka kumi na mmoja kabla hatujahamia Toronto. Huku alifanya kazi kiwanda cha mikate. Likizo yake ilikuwa wiki moja, na wakongwe walishajichukulia Julai na Agosti yote. Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni, mimi nina miaka kumi na miwili, naye alikuwa ameniahidi kunifikisha kileleni, kwenye milima ya Quebec, mwendo wa siku nzima kwa gari. Akakaa mezani akiwaza. Mei theluji inayeyuka, vijito vinafurika, njia ni tope tupu. Katikati ya Juni njia imekauka. Akaandika Juni.

"Juni, Mangi?" alishangaa Bwana Amirali, Mwismaili wa Moshi aliyekuwa na duka la kadi za simu chini ya ghorofa letu. "Mbu wa Juni kule wanakula mtu na viatu vyake!"

"Mbu gani mlimani, Bwana Amirali? Mbu hawapandi mlima. Kwetu unawaacha chini kwenye mashamba ya kahawa."

"Haya, nenda. Wasalimie."

Kumbe kilele cha mlima ule kiko chini kuliko migomba ya babu kule Marangu. Hilo baba hakulifikiria. Theluji ilikuwa imeacha madimbwi msitu mzima, na kila dimbwi lilikuwa limeshaangua mbu wake. Walitupokea kwenye mti wa kwanza. Baba alibeba mzigo kichwani, kipagazi, mikono yote miwili imeushikilia, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujipiga. Wazungu walitupita wakiwa na vyandarua usoni, wakinuka dawa ya mbu ileile, wakamkodolea macho.

Tulilala hemani, mvumo wa mbu umetuzunguka kama mashine ya kiwandani. Asubuhi jicho langu la kushoto lilikuwa limefumba na midomo imevimba. Tukatembea hata hivyo, mpaka mwamba wa juu ukaonekana kati ya miti. Ilibaki nusu saa.

Nikakaa chini. Nikamwambia kwa Kiingereza nataka nyumbani.

"Bado kidogo tu, mwanangu. Pale, unapaona?"

"Wewe umeshapanda Kilimanjaro mara mia! Hiki kilima unakitakia nini?"

Aliuangalia ule mwamba muda mrefu, mbu wamemjaa shingoni. Kisha akaning'iniza mzigo kifuani, akanibeba mimi mgongoni, akageuka kushuka. Shuleni nilitamba kwamba tumefika. Hata Bwana Amirali nilimwambia hivyo, baba amesimama palepale, na hakukanusha.

Miaka mingi baadaye, kwenye harusi yangu, nikawa najisifu mbele ya baba mdogo aliyetoka Marangu, kwamba baba yangu kilele cha Kilimanjaro amekizoea kama sebule yake. Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa.

"Kaka kileleni? Sasa sufuria angemwachia nani? Wapagazi wanaishia kambi ya mwisho, mwanangu. Wanapika uji, wanasubiri wageni washuke."

Miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kufika juu hata siku moja.

Majuzi nimemwendea. Nimechoka siku hizi, mgongo wangu nao umeanza kuuma, lakini nikamwambia twende Septemba, mbu wameisha, theluji bado, mimi nitabeba kila kitu. Akatabasamu, akajisugua miguu.

"Nenda wewe na wanao. Magoti yangu yaliishia kwenye mizigo ya watu."

Ilibaki nusu saa. Na njia nzima ya kushuka nilikuwa mgongoni mwake, nikilia kwamba anakwenda polepole.