Kengele Aliyoivuta Nyanya

Kengele ya kanisa letu kule Taita ikilia, majogoo walikuwa wanaomba msamaha kwa kuchelewa. Kanisa lenyewe lilikuwa la mawe, zee, mpaka sisi watoto tuliamini Nuhu aliposhuka kwenye safina aliingia pale kukausha nguo. Na halikuwa la Jumapili tu. Ndani tulisali, barazani akina mama walichambua maharagwe, na kengele ndiyo iliyotutawala: ya msiba ililia polepole, ya moto mbiombio, ya ndovu kama mtu amerukwa na akili. Aliyeivuta ni nyanya yangu, mamake baba, mikono kama mizizi ya mkuyu.

Mwaka mmoja mahindi yalirefuka mpaka yakawa yanakwaruza mawingu tumbo. Ndipo akaletwa mwinjilisti mpya, kijana wa mjini. Wahenga husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji akaugua. Akatangaza kengele ni ya ibada peke yake, akafunga mlango wa mnara kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Siku hiyo nyanya hakula, na yeye ugali alikuwa anaumaliza na sufuria.

Haikupita wiki, mchana kweupe, ndovu wakaingia mahindini, bonde zima likawa jeusi. Chakula chetu cha mwaka kile kinaondoka tunaona. Nyanya akapanda mbio kanisani na jembe, mimi nyuma. Kufuli akalipiga pigo moja likaachia, akaivuta kamba mpaka vumbi la mababu likatushukia. Watu wakamiminika na madebe. Wale ndovu walikimbia, nadhani wengine wako Tanzania mpaka leo.

Mwinjilisti akafika anatweta. “Mama, kengele ya Mungu si ya kufukuzia wanyama.”

“Mwalimu,” nyanya akamwambia, “na sadaka ya mavuno utaitoa wapi, tumboni mwa ndovu?”

Kijana akatazama mahindi yaliyobaki, akacheka kwa pua, kisha akampa ufunguo kwa mikono miwili, wa kufuli ambalo halipo tena.

Sasa niko Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, napiga pasi nguo za watu tisa, nasali kimoyomoyo jikoni. Siku ya mapumziko nikienda mtaa wa Hindawiyah na kuwasimulia wenzangu haya, wanasema halas, basi, umezidisha chumvi. Nimezidisha, ndiyo. Lakini hapa kila geti lina kengele yake ya umeme. Madam akibonyeza, naitika mimi peke yangu. Kwetu mwanamke mmoja alivuta kamba, mlima mzima ukasimama.