Mpishi wa pilau aliyeficha panya wake

Saa moja asubuhi, katika maabara moja ya utafiti nje kidogo ya Msambweni, Luqman Chirau anamtoa panya mweupe kizimbani na kumpapasa chini ya kwapa kwa ncha ya kidole. Kuna uvimbe mdogo kama punje ya mtama. Panya hashtuki, kwa kuwa uvimbe hauumi.

Panya hawa wamepandikizwa saratani ya matiti. Watafiti wanataka kujua inatokaje kwenye titi hadi ikafika mapafuni. Luqman, mwenye miaka hamsini na minne, huwalisha, huwasafishia vizimba na kuwapapasa.

Kijijini kwao Waa, watu wanadhani ni karani wa stoo. Hakuna harusi kubwa huko inayopikwa pilau bila yeye, na anajua watu wangesema nini juu ya mikono inayoshika panya.

"Naona aibu," anasema, macho yakiwa chini. "Zamani niliionea aibu kazi. Sasa najionea aibu mwenyewe."

Mwaka jana dada yake mkubwa, Twaiba, alimweleza mkewe Luqman kwamba ana uvimbe kwenye titi. Hauumi, alisema, basi utangoja hadi bintiye aolewe. Luqman alikwenda kwake, akamwamkia shikamoo, akamsihi aende hospitali, maana uvimbe wa namna hiyo huanza bila maumivu kisha ukasambaa. Twaiba akamuuliza karani wa stoo ameyajulia wapi hayo.

"Nikamwambia nimesikia redioni," anasema Luqman. "Akacheka, akanimiminia chai. Nami nikainywa."

Kila asubuhi alirudi kwa panya, akaona walioanza na punje moja wakianza kuhema kwa shida. Miezi minne ilipita kabla hajapiga moyo konde na kumweleza dada yake ukweli. Twaiba hakukasirika, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo.

"Luqman," alimwambia, "ungesema ndiyo kazi yako, ningekwenda siku ile ile."

Alipopimwa hospitalini, saratani ilikutwa imeshafika kwapani. Mapafuni bado, na Twaiba ameanza matibabu.

Bintiye anaolewa mwezi ujao. Twaiba ameomba kwamba kabla pilau haijapakuliwa, mdogo wake huyo awaambie wageni anafanya kazi gani na ameona nini. Luqman amekubali, ingawa usingizi umempaa.

"Wakisusa chakula changu, wasuse," anasema. "Lakini asitokee mwanamke mwingine wa kubaki nyumbani kwa uongo wangu."