Visiwa Vilivyonipita

Ndugu zangu, siku ile nilitamani ziwa linimeze. Nilitumwa kutoka Sumbawanga kukagua madarasa ya kisomo kwenye visiwa vya karibu na Kipili. Mwalimu mwenzangu, Sikazwe, akashauri twende kwa mtumbwi.

"Mtumbwi? Mimi meli itanishusha kisiwa kwa kisiwa," nikamjibu.

Nikapanda meli Kasanga. Tulipovikaribia visiwa nikaduwaa. Maji yalikuwa angavu, nikaona samaki wakipita chini kabisa. Ufukweni wazee na akina mama wa kisomo waliimba kunikaribisha, Sikazwe, aliyetangulia kwa mtumbwi, akiwaongoza. Nikanyanyua sanduku.

"Baharia, nashuka hapa!"

"Hapa, Mwalimu? Meli haisimami visiwani."

Abiria wakaangua kicheko. Nikapunga mikono kuomba msaada. Kule ufukweni wakadhani nawasalimu, wakazidi kuimba.